Mkate Chini ya Mretemu

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: 1 Wafalme 18:46–19:18, 1 Samweli 1:1-18, Danieli 1:8-17, Zaburi 42, Zaburi 77, Zaburi 131, Yoshua 1:8, Wafilipi 4:4-9.

Fungu la Kukariri: Zaburi 42:11. (Lifungue katika Biblia yako, ulinakili kwa mkono wako, na ulirudie kila asubuhi ya juma hili.)

Mfikirie dada mmoja, mwalimu wa shule ya msingi na karani wa kanisa lake. Kwa miezi mitatu usingizi humkatika saa tisa usiku. Chakula hakipiti, na akijilazimisha kula tumbo linavurugika. Amepimwa vidonda vya tumbo, minyoo na taifodi, na vipimo havikuonyesha kitu. Hatimaye daktari akamweleza kwa upole kwamba anaugua sonona. Akampa dawa na kumwelekeza kwa mshauri wa afya ya akili. Mshauri naye akamwomba afanye mambo mawili: aangalie upya mlo wake, na kila siku akae kimya dakika kumi akizingatia pumzi yake.

Nyumbani akapokea mashauri ya namna nyingine. Mmoja alimwambia aache dawa na kufunga siku tatu, kwa kuwa huzuni ya namna hiyo imetoka kwa adui. Mwingine alimwonya kwamba kukaa kimya na kuhesabu pumzi ni ibada ya miungu ya mashariki. Wa tatu alimletea kopo la unga wa kusafisha tumbo, akimhakikishia kwamba likiisha na huzuni itaisha. Yeye mwenyewe alibaki na swali lililokuwa zito kuliko yote: kama imani yake ni ya kweli, mbona anaumwa hivi?

Dada kama huyu yuko karibu katika kila kanisa, ingawa si rahisi asimame kutoa ombi lake mbele ya watu. Juma hili tutatazama jinsi Mungu alivyomhudumia mtumishi wake aliyechoka, na jinsi Neno linavyotusaidia kupima mashauri ya namna hii.

JUMAPILI: Nabii Aliyeomba Kufa

*Soma 1 Wafalme 18:46–19:8. Eliya alikuwa amepitia mambo gani kabla ya kuketi chini ya mretemu? Orodhesha hatua ambazo mbingu ilichukua kumsaidia, kwa utaratibu wake.*

Siku ya Karmeli Eliya alisimama mbele ya taifa zima. Jioni yake alikimbia mbele ya gari la Ahabu hadi Yezreeli. Kisha ukaja ujumbe wa Yezebeli, naye akakimbia tena hadi Beer-sheba, kusini kabisa mwa Yuda. Huko akamwacha mtumishi wake, akaingia jangwani mwendo wa siku moja peke yake. Uchovu, hofu, njaa na upweke vilikutana juu ya mtu mmoja. Nabii ambaye maombi yake yaliteremsha moto sasa aliomba afe.

Tazama Mungu alianza na nini. Malaika hakuja na karipio, wala hakumhubiria Eliya juu ya upungufu wa imani. Alimkuta amelala, akamgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Mbingu ikamwacha alale. Mara ya pili malaika akamgusa, akampa sababu ya kula: safari iliyokuwa mbele yake ilizidi nguvu zake. Ndipo akapata nguvu ya kwenda siku 40 hadi Horebu.

Maswali mazito yalimngoja huko Horebu. Palikuwa na hoja za nabii za kujibiwa na kazi mpya ya kumpa, lakini Bwana hakuyaleta hayo jangwani, kwa mtu mwenye tumbo tupu na macho yasiyolala. Aliyeumba mwili na roho alijua mahali pa kuanzia.

Jambo moja lisipitwe kwa haraka. Eliya alisema kwa kinywa chake kwamba anataka kufa, na mbingu ilimjibu mara moja. Mshiriki akitamka maneno kama hayo, yasichukuliwe kuwa ni utani au utoto. Asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

*Ni kwa nini mara nyingi kanisa hutaka kuanzia Horebu, mahali ambapo Mungu alianza na mkate?*

JUMATATU: Barabara ya Njia Mbili

*Soma 1 Samweli 1:6-18. Huzuni ya Hana iliathirije kula kwake? Ni nini kilibadilika katika fungu la 18, na ni nini kilikuwa bado hakijabadilika?*

Eliya anatuonyesha jinsi chakula kinavyoinua moyo. Hana anatuonyesha upande wa pili: moyo uliojeruhiwa hufunga tumbo. Alilia, hakula. Baada ya kumimina nafsi yake mbele za Bwana na kupokea baraka ya Eli, alikwenda zake akala, na uso wake ukabadilika. Mimba ilikuwa bado. Penina alikuwa bado yumo nyumbani. Hata hivyo mzigo ulikuwa umetuliwa, na tumbo likajua.

Lugha za watu zimelijua jambo hili tangu zamani. Katika Kiebrania, neno lenye maana ya matumbo hutumika pia kwa uchungu na huruma ya ndani kabisa, kama Yeremia anavyolitumia katika Yeremia 4:19 na Maombolezo 2:11. Kiswahili nacho husema mtu mwenye wasiwasi ana matumbo joto.

Sayansi ililiona jambo hilo kwa macho kupitia ajali. Mwaka 1822, katika kisiwa cha Mackinac nchini Marekani, kijana kutoka Canada aitwaye Alexis St. Martin alipigwa risasi ya bunduki kwa bahati mbaya. Alipona, lakini tundu lilibaki likifunguka hadi ndani ya tumbo lake. Daktari wa jeshi William Beaumont alilitumia tundu hilo kuchunguza jinsi chakula kinavyoyeyushwa, akachapisha matokeo yake mwaka 1833. Kati ya aliyoyaona ni kwamba mgonjwa alipokasirika, hali ya tumbo ilibadilika na uyeyushaji ukavurugika.

Leo inajulikana kwamba kuta za mfumo wa chakula zina mtandao wa seli za neva zaidi ya milioni 100. Neva ndefu iitwayo vagasi huunganisha tumbo na ubongo, na sehemu kubwa ya ujumbe unaopita humo hutoka chini kwenda juu. Matumbo pia ni makao ya bakteria wengi mno, ambao hulisaga lile ambalo mwili hauwezi kulisaga peke yake na kutengeneza kemikali zinazogusa kinga ya mwili na neva. Sehemu kubwa ya serotonini, kemikali inayotajwa sana katika habari za huzuni na furaha, hutengenezwa tumboni.

Hapo uangalifu unahitajika. Serotonini ya tumboni haivuki hivi hivi kuingia kwenye ubongo. Kwa hiyo anayeuza unga akidai kwamba utapeleka furaha moja kwa moja kichwani anasema zaidi ya yanayojulikana. Barabara ipo, na ina njia mbili, lakini si ya mkato.

*Eli alimdhania Hana kuwa amelewa. Ni dhana gani hutolewa leo juu ya mtu mwenye huzuni ya muda mrefu, na zinamzuiaje kupata msaada?*

JUMANNE: Sahani ya Danieli

*Soma Danieli 1:8-17. Danieli aliomba chakula gani, kwa muda gani, na kwa sababu gani? Fungu la 17 linasema maarifa yao yalitoka wapi?*

Danieli aliomba majaribio ya siku kumi. Neno la Kiebrania linalotumika kwa chakula chake linahusu vitu vinavyotokana na mbegu, yaani mazao ya shambani. Akaongeza maji. Lengo lake la kwanza lilikuwa uaminifu: asijitie unajisi kwa chakula cha mfalme. Afya njema ilifuata, na hekima ilikuwa zawadi ya Mungu. Mpangilio huo ukigeuzwa, mboga inakuwa mwokozi.

Kwa muda mrefu uhusiano wa mlo na sonona ulisemwa zaidi kuliko ulivyopimwa. Mwaka 2017 watafiti wa Australia wakiongozwa na Profesa Felice Jacka walichapisha jaribio la majuma 12. Watu 67 wenye sonona na mlo duni waligawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja lilisaidiwa na mtaalamu wa lishe kula mboga, matunda, nafaka zisizokobolewa, jamii ya kunde, karanga za aina mbalimbali, mafuta ya zeituni na samaki, na kupunguza sukari, vyakula vya kukaanga na soda. Kundi la pili lilipewa mtu wa kuzungumza nao. Mwishoni, karibu watu 32 kati ya kila 100 katika kundi la mlo walikuwa wamepata nafuu kamili, dhidi ya 8 kati ya kila 100 katika kundi la mazungumzo. Jaribio lilikuwa dogo, na washiriki walijua wamewekwa kundi gani. Tena wengi wao waliendelea na matibabu yao. Mlo uliongezwa juu ya tiba, haukuchukua nafasi yake.

Habari nyingine inatoka karibu. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Kilimanjaro kwa wanaume 77 wenye afya. Wale wa vijijini waliobadilishiwa mlo wao wa asili kwa vyakula vya kizungu, kwa majuma mawili tu, walionyesha dalili za kuongezeka kwa uvimbe wa ndani wa mwili. Wa mjini waliorudi kwenye mlo wa asili walionyesha kinyume chake. Utafiti huo haukupima huzuni, lakini unafundisha kwamba chakula cha bibi hakikuwa cha umaskini.

Basi dada yetu haagizwi kununua kitu cha ng'ambo. Ugali wa dona, uji wa mtama au ulezi, maharage, kunde, mchicha, matembele, ndizi, parachichi na karanga vinapatikana sokoni. Nyuzinyuzi za vyakula hivyo ndizo chakula cha bakteria wema wa tumboni. Siku ambazo sahani nzima inamshinda, aanze na kikombe cha uji. Malaika naye alileta mkate na maji, kisha akarudi mara ya pili.

Na wale wanaomshauri afunge wakumbuke kwamba tayari hali. Kumwamuru mgonjwa asiyekula aendelee kutokula ni kumwongezea jangwa. Vivyo hivyo, dawa za sonona zisikatishwe ghafla. Kuzipunguza au kuziacha ni jambo la kupanga na daktari aliyeziandika.

*Je, kuna mahali ambapo ujumbe wa afya umegeuzwa kuwa fimbo ya kuwapigia wagonjwa? Utarudishwaje kuwa habari njema?*

JUMATANO: Kutulia Mbele za Nani?

*Soma Yoshua 1:8, Zaburi 77:1-15 na Zaburi 131. Moyo wa mwenye kutafakari umejazwa nini?*

Zoezi alilopewa dada yetu lina historia. Mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn wa Chuo Kikuu cha Massachusetts nchini Marekani alianzisha kozi ya majuma manane kwa wagonjwa wenye maumivu sugu na msongo wa mawazo. Alichukua namna za kutafakari za Kibuddha, akaziondolea lugha ya dini na kuzileta hospitalini. Mgonjwa hujifunza kukaa kimya, kuzingatia pumzi na wakati uliopo, na kuyaona mawazo yakipita bila kuyafuata. Baadaye wanasaikolojia waliunganisha zoezi hilo na tiba ya mazungumzo ili kuwasaidia watu waliowahi kuugua sonona mara kwa mara wasirudiwe nayo. Utafiti unaonyesha kwamba huwafaa baadhi ya watu. Wengine, hasa waliopitia matukio ya kutisha, wanaweza kuzidiwa wanapoachwa kimya na kumbukumbu zao.

Mkristo apimeje? Kwanza, atenganishe pumzi na ibada. Kupumua polepole, hasa kutoa pumzi taratibu, hutuliza mapigo ya moyo kupitia ile neva ya vagasi. Ndivyo mwili ulivyoumbwa na yeye aliyempulizia mtu pumzi ya uhai (Mwanzo 2:7). Hakuna dini iliyoimiliki pumzi.

Pili, aulize akili inaelekezwa wapi. Neno la Kiebrania linalotafsiriwa kutafakari katika Yoshua 1:8 na Zaburi 1:2 lina sauti ndani yake. Ndilo linalotumika kwa simba anayenguruma juu ya windo lake (Isaya 31:4) na kwa njiwa anayelia (Isaya 38:14). Kutafakari kwa Biblia ni kulitamka Neno chini chini, kulirudia, kulitafuna. Akili haiachwi tupu. Asafu katika Zaburi 77 hakuyakana mawazo yake machungu. Aliyataja moja baada ya jingine mbele za Mungu, kisha akageuka kwa makusudi kuyakumbuka matendo ya Bwana.

Tatu, aangalie anatulia mbele za nani. Mtoto wa Zaburi 131 ametulia kwa sababu yuko kwa mama yake. Utulivu wake una uso wa mtu mwingine ndani yake. Zoezi likimtaka Mkristo amwite mungu mwingine, arudie maneno asiyoyajua maana, au aamini kwamba uponyaji wote umo ndani yake mwenyewe, hapo anayo sababu ya kukataa.

Lakini hana sababu ya kumkimbia mshauri. Anaweza kumwambia kwa heshima kwamba dakika zake kumi angependa kuzitumia na Zaburi. Avute pumzi polepole, ataje nusu ya fungu. Aitoe polepole, amalizie fungu. Mawazo yakitangatanga, ayarudishe bila kujikaripia. Mshauri anayejua kazi yake ataiheshimu imani ya mgonjwa.

*Soma Wafilipi 4:6-8. Paulo anataja kwanza nini cha kufanya na mahangaiko, ndipo anataja mambo ya kuyatafakari. Utaratibu huo una maana gani kwako?*

ALHAMISI: Watu Elfu Saba

*Soma 1 Wafalme 19:9-18. Eliya alisema nini mara mbili? Bwana alimjibu kwa mambo gani?*

Baada ya mkate, usingizi na safari, Eliya alipata nafasi ya kusema. Alisema jambo lile lile mara mbili: amebaki peke yake. Bwana hakumkatiza. Upepo, tetemeko na moto vilipita, ndipo ikaja sauti tulivu, ndogo. Kisha Eliya akapewa vitu vitatu ambavyo tiba bora ya leo bado inavitafuta: kazi inayomfaa, mwenzake wa kutembea naye, yaani Elisha, na ukweli wa kusahihisha wazo lililomwumiza. Hakuwa peke yake. Walikuwapo watu elfu saba.

Swali la kuumiza ni hili: hao elfu saba walikuwa wapi siku ile ya mretemu? Pengine wengi wao walijificha. Dada yetu anaketi kila Sabato katikati ya watu wanaompenda, lakini anajiona yuko peke yake, kwa sababu hakuna aliyethubutu kusema, “Hata mimi niliwahi kuumwa hivyo.”

Kanisa haliwezi kuchukua nafasi ya daktari. Linaweza kufanya ambayo daktari hawezi. Dorkasi wanaweza kupeleka uji na mboga nyumbani, wakakaa naye anapokula, maana anayekula na mwenzake hupata hamu ambayo mwenye kula peke yake haioni. Mzee wa kanisa anaweza kumsindikiza kliniki na kutunza siri yake. Karani msaidizi anaweza kubeba vitabu vya kanisa kwa robo moja, bila mtu kunong'ona kwamba amerudi nyuma. Na kikundi cha Shule ya Sabato kinaweza kumwombea kwa jina pasipo kuutangaza ugonjwa wake.

Mungu hakumfukuza kazi Eliya kwa sababu alichoka hadi kutaka kufa. Nabii huyo huyo ndiye aliyetwaliwa mbinguni, na ndiye aliyesimama na Musa juu ya mlima pamoja na Yesu. Sonona haikufuta jina lake.

*Taja jambo moja ambalo darasa lako linaweza kufanya juma hili kwa ajili ya mtu aliye chini ya mretemu.*

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Soma sura inayohusu uponyaji wa akili katika kitabu *Huduma ya Uponyaji* cha Ellen G. White, kilichochapwa kwa mara ya kwanza mwaka 1905. Angalia mambo mawili: jinsi anavyoeleza uhusiano wa karibu kati ya akili na mwili, na jinsi anavyoonya juu ya tiba inayoweka akili ya mtu mmoja chini ya utawala wa akili ya mwingine. Linganisha na mambo matatu uliyojifunza Jumatano.

Soma pia Luka 8:26-56. Katika sura hiyo moja Yesu anamrudishia mtu akili zake timamu, na baada ya kumfufua binti Yairo anaagiza apewe chakula. Aliyeshinda mauti alikumbuka kwamba mtoto ana njaa. Baada ya ufufuo wake mwenyewe aliwawashia wanafunzi makaa ufuoni (Yohana 21:9-13), na Petro, aliyekuwa amebeba aibu yake, alipewa kifungua kinywa kabla ya kuulizwa kama anampenda Bwana.

Maswali ya Kujadili:

1. Rudini kwa dada wa Sabato Mchana na mashauri matatu aliyopewa nyumbani. Kila moja lina chembe gani ya nia njema, na lina hatari gani? Mngemjibu nini kuhusu swali lake la mwisho?

2. Wapo wanaosema kutumia dawa za sonona ni kukosa imani, ilhali wao hutumia dawa za shinikizo la damu na kisukari. Tofauti hiyo imetoka wapi? Je, ina msingi katika Maandiko?

3. Mlo bora unaweza kuwa ghali kwa wengine. Darasa lenu linawezaje kusaidia familia kula vizuri kwa vitu vinavyopatikana sokoni kwenu?

4. Chagueni Zaburi moja fupi. Kaeni kimya dakika tatu, kila mtu akiirudia taratibu moyoni kwa kadiri ya pumzi yake. Kisha mwenye kupenda aeleze: akili yake ilikwenda wapi, na ni neno gani lililoirudisha?

Muhtasari: Mungu aliyemwumba mtu akiwa nafsi moja humponya akiwa mtu mzima: kwa mkate na usingizi, kwa tabibu na mshauri, kwa Neno linalotafakariwa, na kwa ndugu wanaokaa karibu. Mgonjwa asichague kati ya sahani, kidonge na sala, maana Bwana mmoja anaweza kuvitumia vyote kumfikisha Horebu.